Juu, Siyo Mbele

Miaka thelathini na moja nimeonja kahawa pale kiwandani,
kijiko mdomoni, fyuu, natema, nahamia kikombe cha pili,
na jambo moja ulimi umenifundisha:
punje inaweza kuwa nono, imelingana kama meno ya mtoto,
ukaionja ikawa gunia.

Kwa hiyo pale Double Road, kijana wa duka
alipoliwasha lile dude jeusi linalong'aa,
taa zikizunguka, zambarau, buluu, nyekundu,
Ndealilia akanifinya kiwiko: "Hili."
Mimi nikafumba macho.
Besi ilikuja kama jirani asiyebisha hodi.
Pale katikati, mahali sauti za watu zinapoishi,
hapakuwa na mtu.
"Gunia," nikasema.
Kijana akadhani nataka mfuko wa kubebea.

Fundi Kirumbuyo wa Pasua hana taa.
Ana randa, gundi, mbao za mninga,
na spika alizozing'oa kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa.
Makasha mawili aliyoniletea kwa mkokoteni
yalinifika kifuani.
Mke wangu akayazunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Umeninunulia majeneza," akasema,
"na wafu hujawataja."

Siwezi kumlaumu. Sebule ile ni kazi ya mikono yake:
vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi,
mapazia mazito rangi ya parachichi,
picha ya harusi yetu, imenyooka kuliko ndoa yenyewe.
Macho nayo yana njaa yao.
Muziki unauzima saa tatu;
kasha utalitazama mpaka usingizi ukuchukue.

Nikaweka kaseti ya kwaya, mwaka wa themanini na tatu,
matarumbeta ya usharika nyuma yao.
Tuba ikapumua chini kabisa, karibu na miguu ya meza.
Kisha, kwenye sauti ya pili,
mwanamke mmoja akavuta pumzi
akaingia nusu pigo kabla ya wenzake.
"Nani huyo anawahi?"
Nikanyamaza.
Akasogea, akainamisha sikio kwenye mbao.
"Rudisha nyuma."
Nikarudisha.
"Rudisha tena."
Miaka arobaini ameamini alikuwa Anasia.

Hatukusema neno juu ya hilo. Tukajadiliana vitambaa.
Yeye: kitakaa mbele, kifunike hayo matundu.
Mimi: ukimziba mtu mdomo, usimlaumu kwa kugugumia.
Yeye: basi juu.
Mimi: juu, siyo mbele.
Yeye: na chungu cha maua.
Mimi: chungu kitatetema.
Yeye: kidogo tu.
Chungu kipo. Tuba ikishuka, majani yanaitikia.

Halafu ikaja wiki ya kufua.
Alishusha mapazia, akakunja zulia,
vitambaa vyote vikaenda kambani,
nami, peke yangu, nikawasha.
Sakafu ya saruji, kuta tupu, bati juu:
kila noti ilirudi mara tatu kama mdai.
Kwaya yangu ikawa Kiboriloni siku ya soko.
Nikagusa nyaya, nikasogeza makasha,
nikamlaani Kirumbuyo na ukoo wake.
Mwishowe nikatoka uani,
nikamkuta amepinda mgongo anakamua pazia.
"Yatakauka lini?"
Akaniangalia muda.
"Leo macho yako yameanza kuona?"
Sikuwa na jibu. Nilishika upande wa pili,
tukakamua, maji yakatulowesha miguu.

Jumapili mdogo wake alishuka kutoka Marangu.
Akapapasa mninga, akasifu msasa,
akanusa mpaka vanishi.
"Kabati zuri, dada. Mnaweka nini humu?"
Ndealilia alikuwa ameshaishika kaseti.
"Mimi," akasema. "Nikiwahi."