Mlenda Nyuma ya Pikapu

Tiketi zilikuwa mbili, sisi watano,
na mlenda wa watu kumi,
maana Damari hajajaliwa kupika kidogo.

Tuliegesha pikapu ya Yoeli
kando ya ukuta wa uwanja, upande usio na kivuli,
tukashusha mlango wa nyuma ukawa meza,
tukatandika khanga iliyofuliwa
mpaka methali yake ikabaki neno moja: *subira*.
Vumbi la Dodoma halipigi hodi.
Tulilikuta limeshakaa, linatungoja kula.

Mkaa uligoma, ukabembelezwa, ukakubali.
Mlenda hauna mbwembwe:
majani makavu yaliyosagwa, magadi ncha ya kidole,
nyanya moja iliyokwisha kukata tamaa,
na karanga alizotwanga mama mkwe usiku wa jana
huku akimlaani refa wa mechi iliyopita,
pigo moja la mchi, laana moja.
Damari akakoroga, akainua mwiko.
Uzi ukavutika, ukavutika, wala haukukatika.
"Pasi kama hii," akasema,
"ndiyo tunayoikosa pale kati."

Kura tulipiga kwa njiti za kiberiti.
Akapata Yoeli. Akapata Chibago,
miaka tisa, jezi mpaka magotini,
aliyekataa kuivua hata kuogeshwa.
Geti likawameza.

Tukabaki na spika ya kuazima
na dansi la zamani, gitaa la solo
likipanda ngazi kuelekea mahali pazuri,
na hapo hapo, mguu mmoja hewani,
betri ikafa.

Unajua kimya cha namna hiyo.
Shemeji Nehemia, fundi friji wa Chang'ombe,
akachomoa ilimba chini ya kiti cha dereva,
akaifuta kwa pindo la shati,
akachungulia utando wa buibui kwenye tundu
("ukichanika huu, inaimba kama ina mafua"),
kisha vidole gumba vikaanza kutembea.
Muuza zabibu akatua beseni lake.
Askari wa getini, uso mkavu kama korongo la Septemba,
akasahau kirungu chake kikigonga buti,
kikigonga, na kikipatia.

Mpira wenyewe tuliutazama kwa masikio.
"Aaah!" ndefu: umepaa juu ya mwamba.
Pumzi zikivutwa pamoja: kona.
Matusi ya Kigogo safi: kibendera ameinua.

Mapumziko, nani hao wanatoka?
Yoeli na mtoto, pua mbele.
"Harufu imefika jukwaani," Yoeli akajitetea,
"watu walianza kuniuliza mimi."
Wakanawa. Ugali wa uwele, wa kijivu, wa moto,
tonge, shimo la kidole, chovya, zungusha,
kata uzi kwa mkono wa haraka.
Waliporudi getini
askari akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli:
ukitoka umetoka.
Yoeli akamletea sahani. Sheria haikubadilika,
sahani ilirudi nyeupe.

Basi wote watano tulikuwa nje
ukuta ulipotikisika.
Dakika ya themanini na ngapi, sijui.
Tonge la Chibago likaruka, likaangukia vumbini,
na hakuna aliyeliombolezea.
Muuza zabibu akanikumbatia, mimi asiyenijua.
Nehemia akazidisha vidole
mpaka utando wa buibui ukachanika kweli.

Nani kafunga? Watu walipotoka tuliwauliza.
Mmoja akasema kichwa. Mwingine, tobo.
Wa tatu, amelewa kidogo, akasema Mungu.

Tulipakia majiko gizani, sufuria bado nzito.
Chibago alikuwa amelala juu ya khanga,
lakini Jumatatu, nimeambiwa,
aliwasimulia darasa zima goli lile:
pasi ilitoka mbali, wallahi,
nyembamba, ikavutika,
ikavutika,
wala haikukatika.