Jumanne Moja, Si Mbili

Kiwanda cha vioo kimetupa Jumanne moja,
si mbili. Mashine zitapasuliwa matumbo zisafishwe,
na sisi wa zamu ya usiku tutakuwa huru kama ndama
hadi saa nne usiku, king'ora kitakapotudai tena.

Basi nimegeuza bili ya gesi, mgongoni mwake
nimechora Ziwa Erie kwa kalamu ya buluu,
nikachora lango, nikachora foleni
ndefu kama siafu waliosikia kuna harusi.

Saa moja asubuhi: injini. Toledo nyuma yetu.
Saa tatu: langoni, kabla halijafunguliwa,
viatu vimefungwa mafundo mawili.
Wanasema haraka haraka haina baraka.
Hao hawajawahi kuipangia foleni Radi mwezi wa Julai.
Nimepiga hesabu: dakika tisini za kusimama
kwa dakika mbili za kupiga mayowe.
Hata ndoa yangu ya kwanza haikuwa ghali hivyo.

Na Radi lazima iwe ya kwanza, kwa sababu ya Orrin.
Ubao wao unataka inchi arobaini na nane.
Nimempima kwenye fremu ya mlango wiki nzima:
jioni anapungua nusu inchi,
asubuhi anatimia, barabara,
unywele wa utosini umegusa alama.
Usingizi humrefusha, mchana humla.
Tukichelewa hata kwa kikombe kimoja cha kahawa
ardhi itakuwa imekwisha kumvuta.

Maribeth, miaka kumi na mitatu, hana matakwa mengi:
kati ya saa sita na saa tisa
tusijuane.
Nimeandika. Nimepiga mstari chini yake.

Corinne anahesabu mikate, minane ya siagi ya karanga,
maana huko chupa ya maji huuzwa kama marashi.
Anauliza mvua ikinyesha je?
Nimeacha nafasi ya mvua, pale pembeni, karibu na nembo ya kampuni ya gesi.
Ni ndogo. Mvua itabidi ijibane.

Mama yake, Verna, nimempa benchi
lenye kivuli, ubavuni mwa duka la peremende,
yeye na mikoba, na makoti, na miwani ya kila mtu.
Niliona nimemtendea hisani.

Akavaa miwani yake, akasoma polepole, kidole kwa kidole.
"Benchi," akasema,
kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.
"Mwaka wa sitini na nane nilimshikia Harlan kofia.
Kisha nikamshika Corinne, ana meno mawili.
Kisha kofia tena.
Bustani ile naijua kwa visigino vya wapitao.
Dwight, mimi si kabati."

Hakuna aliyecheka. Jokofu likaguruma likanyamaza.
Akachukua penseli, akakata neno langu,
na kwa mwandiko wake wa posta, uliolala kushoto,
akaandika: *Nyoka wa Mbao. Kiti cha mbele. Saa nane.*

"Na mgongo wako, mama?" Corinne akauliza.
"Unakuja nao."

Nikabaki na karatasi, na mikoba isiyo na mtu.
Nikaitazama ramani kutoka juu, kama ndege aliyepotea,
nikatafuta jina ambalo saa nane halina kazi.
Lilikuwepo moja.
Sikumwambia yeyote kwamba vimo virefu
hunifanya nisikie magoti yangu yakizungumza.
Nikaandika: *Dwight. Benchi. Kofia ya Verna.*

Mpango umekamilika, au umechoka; nimeubandika jokofuni.
Ni saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu ya gereji,
na Orrin amekwenda kulala bila kuambiwa.
Nimechungulia: yuko chali, mikono ubavuni,
vidole vya miguu amevisukuma hadi ubao wa kitanda,
amenyooka kama rula,
macho kayafumba kwa nguvu zote,
anafanya kazi.