Pedeli Kwenye Mkoba

Likumbi fundi hakuniuliza umri.
Aliuliza tu kama nina spana namba kumi na tano,
nikasema sina, akatoa yake,
akazing'oa pedeli zote mbili kwenye Foniksi ya marehemu shemeji,
akanikabidhi kama mtu anayerudisha chenji.
"Weka kwenye mkoba. Ukizihitaji utaniambia."

Mimi Somoe, miaka arobaini na miwili.
Mkono wangu wa kulia hupata habari
wa kushoto ukishavunja kikombe.
Vifungo vya gauni navifunga kwa kuhesabu.
Hapa Newala, ambako maji ni safari,
wenzangu hupanda nayo kichwani, mikono inaning'inia,
wakisimulia, wakigeuka kuitikia salamu;
mimi ndoo iliniogesha tangu utotoni.
Hata unyagoni, ngoma ilikwenda huku
nami nikaenda kule,
kungwi akasema: mwacheni, huyu ana lake.
Nimelibeba hilo langu miaka thelathini.
Halikumwagika hata tone.

Uwanja ni wa chama, wa kuanikia korosho,
mtupu, Machi hii.
Kiti kimeshushwa hadi nyayo zote zinagusa saruji.
Nasukuma ardhi, kulia, kushoto, kulia tena kwa makosa,
kama kuku aliyefungwa kamba.
Watoto wa mlinzi wamekalia magunia
wananihesabia kwa vidole.
"Tisa, shangazi!"
"Ile haikuwa kuanguka. Kaegemea tu."

Likumbi hasemi "tazama mbele", hasemi "jikaze".
Anaziba pancha ya mtu,
anazamisha mpira kwenye karai la maji,
anatafuta pumzi inatokea wapi.
Siku ya sita akasema, bila kuinua kichwa:
"Miguu imesahau kushuka. Mara nne sasa."
Nami sikujua.
Mwili wangu, unaonificha kila kitu,
umefanya jambo zuri na kunificha hilo pia.

Siku ya kumi na tisa nikafungua mkoba.
Pedeli zilinuka vitunguu na risiti.
Ya kushoto hukazwa kinyume, akanionyesha:
"Hata baiskeli ina upande wake mkaidi."
Nikacheka hadi nikakaa chini.

Usidhani ninapaa.
Nafunga uzi mwekundu kifundoni
ili nijue kulia kuko wapi.
Breki naikumbuka kona ikishapita.
Mlima wa kutoka bombani naupanda kwa miguu,
baiskeli ubavuni kama mbuzi wa kununuliwa,
madumu mawili nyuma, yamekazwa kwa mpira.

Lakini toka mashine ya kusaga hadi ofisi ya kata,
pale njia inaponyooka bila kumuuliza mtu upande,
napanda.
Watoto wakiniona hunyoosha vidole, tayari.
Jana vilibaki hewani vyote.
Leo kimekunjwa kimoja.