Shingo Upande

Miaka kumi na saba nabeba watu Goma,
Birere hadi Ndosho, Ndosho hadi Birere,
na barabara ya mawe ya volkano
imekuwa ikiandika deni lake
kwenye pingili saba za shingo yangu.

Daktari aliinua picha dirishani.
"Hapa," akasema, "ya tano na ya sita zimesagana,
mfupa umeota miiba."
Nikaona kitu kama gunzi lililoguguniwa na panya.
"Moto uiache."
Nikakubali shingo upande,
maana upande wa pili haigeuki.

Nyumbani Sifa alicheka mpaka akatoa machozi:
"Shingo ngumu tangu unioe,
hospitali ndiyo imejua leo?"
Akanikanda kwa mawese ya uvuguvugu,
akanizungushia kitenge, mikunjo minne.
Asubuhi karo ya watoto ikatukodolea macho.
Nikawasha moto.

Lakini sikuiwasha vilevile.
Kule Majengo, fundi Sikuli alikata bomba la maji,
akachomelea vipande viwili chini ya usukani.
Mikono ikapanda, kifua kikafunguka,
nikakaa wima kama shemasi.
Vioo nikavirefushia vijiti,
vikasimama masikio ya sungura.
Kitini nikatandika godoro la mtoto aliyekwisha kukua.
Ile kaski nzito kama sufuria ya matanga
nikaiuza, nikanunua nyepesi,
na upepo wa tairi nikaupunguza kidogo
ili jiwe lipige hodi kabla ya kuingia.

Vijana wa kituoni wakaniita Mheshimiwa Mbunge.
Sawa tu.
Mbunge naye, akishapita, haangalii nyuma.

Ikabaki kona moja ambayo kioo hakiifikii,
pale chukudu inapotokea kulia,
magunia ya makaa juu, breki ni kandambili ya mwenyewe.
Zamani nilikuwa nageuza kichwa.
Basi.
Hujui bei ya jambo dogo kama lile
mpaka ugeuze bega, na kiuno, na nusu ya moto,
upate kutupa jicho moja.

Mama Kanyere anauza jibini za Masisi.
Kila Jumanne hupanda nyuma yangu, kikapu mapajani,
harufu ya maziwa na majani mabichi.
Aliliona bega linavyohangaika.
Hakuuliza.
Kidole chake kikagonga bega la kulia,
mara moja: ngoja.
Chukudu ikapita inanguruma, vumbi jeusi.
Mara mbili: nenda.

Tangu siku ile nafundisha kila anayepanda.
Mwanafunzi hugonga kama yuko kwenye ngoma,
askari hugonga kama anadai faini.
Mlevi hugonga hata njia ikiwa tupu,
nami nasimama, nangoja pamoja naye
gari analoliona peke yake.
Kuna bibi mmoja wa Katoyi
ambaye hagongi, ananipapasa,
kisha anasema, "Pole, mwanangu, jiwe linakuja,"
na jiwe linakuja kweli.

Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio.
Wahenga hawakupanda moto.
Miaka yote hii niliwapa watu kisogo
nikawashusha, nikahesabu pesa,
nikasahau hata sauti zao.
Siku hizi kisogo changu kina macho ya kuazima
na mwenye macho ndiye anayelipa nauli.

Sisemi nimepona.
Mvua ikinyesha usiku, zile pingili mbili
huteta kama wake wenza,
Sifa huamka, huweka mawese jikoni
bila kuwasha taa.

Jumanne iliyopita Mama Kanyere hakutokea.
Nilimngoja mpaka jua likapanda,
nikaondoka, kiti cha nyuma kitupu.
Nilipofika kwenye ile kona
mguu ukashuka chini wenyewe,
moto ikanguruma papo hapo,
bega la kulia likasubiri.

Wenzangu nyuma walipiga honi, wakatukana.
Nikageuza mwili mzima, polepole,
nikatazama.
Palikuwa na jiwe, na mbuzi, na barabara.
Nikajigonga mara mbili.
Nikaenda.