Shati la Msumarini

Shati lako, Wilmer, haliingii ndani.
Lina msumari wake nje, mbali na banda la simbilisi,
lina beseni lake, lina sabuni yake,
nami nina glavu zangu za kulifulia,
maana mwaka wa kwanza nililiroweka pamoja na nepi za Sisa
na sikujua.

Nani angejua? Halinuki vibaya.
Linanuka kitunguu saumu kilicholala,
na juu ya harufu hiyo, waridi.

Februari ile, maua yakikimbizwa uwanja wa ndege wa Quito
kwa wapendanao wa miji ya baridi,
msimamizi alisema: saa mbili zinatosha, ingieni, kateni.
Karatasi ya galoni ilisema siku nzima,
lakini karatasi haimfukuzi mtu kazi.
Delfina Tipán aliingia.
Akatoka ameshika nguzo, mate yanamchuruzika,
mboni za macho zimenywea kama ncha za sindano,
akaniuliza, mchana kweupe,
nani amezima taa.

Tangu hapo unasoma galoni kama mdaiwa asomavyo mkataba.
Upepo unaupa mgongo.
Pua ya bomba ikiziba, huipulizi kwa mdomo.
Barakoa unaivaa hata wenzako wakikuita bibi harusi.
Galoni likiisha unalisuuza mara tatu
kisha unalitoboa, tundu baada ya tundu,
mama yako akilia nyuma yako:
zuri hivyo! si lingefaa kuwekea chicha?

Mimi kemia siijui. Najua kufua.
Najua maji ya beseni lile siyamwagi mferejini,
mfereji unateremka kwa watu.

Ila kuna jambo hakuna aliyelichapa kwenye galoni:
saa kumi na moja Sisa anasikia lango,
anakimbia, mikono wazi,
nawe unarudi nyuma.
Hatua moja. Ya pili. Viganja juu,
kama mtu aliyeelekezewa bunduki.
"Bado, mwanangu. Baba hajaoga."

Anasimama. Amezoea.
Ana miaka minne, na amezoea.
Anakaa kizingitini akihesabu makopo ya maji unayojimwagia.
Anajua kuhesabu mpaka kumi na tisa;
akifika hapo
anaanza tena.