Gunia Moja Halisemei Lori

Karatasi imefika na basi la usiku kutoka Dar,
imekunjwa mara tatu, muhuri wa bluu umevuja.
Testosteroni: saba nukta tisa.
Pembeni mshale mdogo unatazama chini,
kama kidole cha mtoto anayemtaja aliyevunja chungu.

Mimi ni mpima korosho, ghala la Masasi.
Miaka kumi na minne nachoma bambo magunia ya watu,
napasua punje, nainusa, natamka:
hii daraja la kwanza, hii la pili,
hii rudi nayo nyumbani ukaianike.
Nimeona wanaume wakimeza mate mbele ya meza yangu.
Leo mate ni yangu.

Miezi mitano Somoe hakusema neno.
Alisogeza mto tu, akazima taa.
Halafu siku moja, anachambua kisamvu,
macho hayajainuka:
"Mficha uchi hazai, baba Nuru.
Nauli hiyo, juu ya kabati."

Daktari Nandonde ni mfupi,
kalamu kaichomeka sikioni kama seremala.
Aliutazama mshale, hakushtuka.
"Damu walikutoa saa ngapi?"
Saa tisa alasiri.
"Ulikuwa umekula?"
Ugali wa muhogo, nikashiba.
"Ulilala?"
Ulikuwa msimu wa mnada, mama, nani analala?
Malori foleni hadi barabara ya Nachingwea,
usiku wa tatu nimesimama,
na malaria ndiyo kwanza nimemaliza dozi.

Akailaza karatasi kifudifudi.
"Homoni hii hujaa alfajiri,
hupungua kadiri jua linavyopanda.
Homa huishusha. Kukesha huishusha.
Wewe ungepima unyevu wa korosho iliyotoka kunyeshewa?"
Nikacheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani.
"Ungelihukumu lori kwa gunia moja?"

Gunia moja halisemei lori.
Hayo ni maneno yangu mwenyewe,
nawaambia wakulima kila msimu.

Basi nikamwachia Chilumba funguo za ghala,
nikalala wiki nzima kama mwali aliyewekwa ndani.
Saa moja na nusu asubuhi, tumbo tupu,
nikaunyoosha mkono tena.
Safari hii aliongeza LH na prolaktini,
akanichorea nyuma ya bahasha:
kitezi chini ya ubongo, sawa na punje ya mbaazi,
na mstari mrefu kushuka hadi kwenye korodani
(alilitaja neno hilo bila kulitafuna).
"LH ni barua ya huyu wa juu kwenda kwa wa chini.
Testosteroni ikiwa kidogo na barua ni nyingi,
bosi anapiga kelele, kibarua kachoka: kasoro iko chini.
Ikiwa kidogo na barua haziji,
kibarua yupo, anangoja amri: tutatafuta kichwani.
Na ikiwa imepanda..."
akairudisha kalamu sikioni,
"tutazungumza habari za usingizi. Na za madeni."

Sikuwa nimemwambia habari za madeni.

Siku kumi na moja, basi la usiku, bahasha.
Kumi na nne nukta mbili.
LH kawaida. Prolaktini kawaida.
Mshale haupo.
Nikaigeuza, nikatazama nyuma, nikaigeuza tena.
Wallahi nilitamani uwepo.
Mshale ungekuwa na jina, na sindano yake,
nami ningelaumu punje ya mbaazi
nisiyoiona wala haitanijibu.

Salfa ya mdogo wangu, mifuko arobaini,
nilimdhamini mimi. Mikorosho ikaungua kwa ubwiri.
Yeye kavuka Ruvuma, simu haipatikani.

Usiku huo mto niliusogeza mimi.
Somoe mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.
Iache, nikamwambia.
Nikaanza na kiasi: milioni mbili na laki sita.
Sauti ilikwama hapo kwenye laki.
Akakaa kitako, akajifunga kanga vizuri,
kama mtu anayejiandaa kupima.
"Rudia," akasema. "Anzia mfuko wa kwanza."