Hodi Ubavuni

Mimi ndiye niliyeyaleta makreti.
Miaka kumi na saba nyuma ya usukani wa lori jekundu,
Jumanne mtaa wa Sahuaro, Ijumaa maduka ya kituo cha basi,
soda ya kola, ya ukwaju, ya nanasi;
na chupa zilizokwaruzika lebo, zisizouzika,
nilizibeba nyumbani bure.
Bure, Nereida. Neno hilo nalo lina sukari yake.

Shuleni walikuita Tangi. Hukusema.
Nililikuta jina pembeni mwa daftari lako la jiografia,
kwa mwandiko usio wako, kalamu ya kijani,
likanikata maini nikiwa nimesimama jikoni
na tortia ikiungua mkononi.
Sikujua kwamba siku hiyo hiyo
ini lenyewe, la nyama na damu, lilikuwa linajaa taratibu
kama stoo ya mtu asiyetupa kitu.

Haliumi, alisema Daktari Zazueta. Ini ni mpangaji mpole,
halipigi ukuta, halidai,
mpaka siku nyumba inapoanguka.
Akakulaza, mkono wa kulia juu ya kichwa,
akaweka kidude katikati ya mbavu zako
na mashine ikabisha: tok. Tok. Tok.
Mara kumi, kama mgeni mwenye adabu.
Jibu: mia tatu na kumi na mbili.
Una miaka kumi na minne.

"Dawa gani?" niliuliza, pochi mkononi.
Akatazama viatu vyako.

Basi Kilima cha Kengele, saa kumi na moja alfajiri,
kwa sababu ikifika saa tatu Hermosillo ni kikaango
na Julai haimwonei mtu huruma, awe mnene awe mwembamba.
Kocha Ofelia na vijana tisa, tochi, chupa za maji.
Wiki ya kwanza uliishia kona ya pili, ukatapika
juu ya jiwe, ukalia, ukasema kilima kinakucheka.
Wiki ya nne, kona ya tano.
Wiki ya tisa sikuiona; nilikuwa napakia makreti.
Uliniambia tu kwamba kuna mahali, karibu na minara,
ukiugonga mwamba kwa kokoto unalia kama chuma,
na kwamba umeugonga.

Nami, mjinga, nilinunua mizani.
Kila Jumapili nilikupandisha kama gunia la viazi.
Kilo themanini na nane. Themanini na nane.
Themanini na nane na nusu.
Mwezi wa tano nikasema mezani, mdomo umejaa:
"Unapanda kwenda wapi, kama hushuki?"
Ukaweka uma chini.
Safari hii maini niliyakata mimi.

Kliniki tena. Tok. Tok. Tok.
Mia mbili hamsini na nne.
Nikamwambia daktari mashine yake imeharibika,
mizani haijasogea hata unywele.
"Mizani inajua uzito wa mzigo," alisema,
"haijui umewekwa wapi.
Miguu yake imeanza kula kilichokuwa kimelala kwenye ini."
Hukunitazama. Ulikuwa unafunga kamba za viatu,
soli zimelika upande mmoja, kisigino cha kushoto,
vumbi la kilima bado kwenye mishono.

Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango
daktari alipopiga kitanda kwa kiganja.
"Na wewe, dereva?"

Nikalipandisha shati la kampuni juu ya kitambi.
Jeli ilikuwa baridi kama chupa ya kwanza ya siku.
Ukavuta kiti, ukanielekeza:
mkono juu, baba. Usiongee. Usicheke.
Mashine ikabisha hodi ubavuni mwangu
nami nikatazama dari, nisijue ni nani ataitika.
Ulikuwa unahesabu bila sauti, midomo ikicheza,
sita,
saba.